Korongo Tulilolisifu Kabla ya Kuliona

Wahenga walisema kwamba kuona ni bora kuliko kusikia. Methali hiyo tuliifundishwa tungali wadogo, nasi tukaifundisha wengine kwa miaka mingi bila kuifuata. Makala haya ni maungamo ya kosa moja tulilolitenda kwa kalamu, na jinsi kosa hilo lilivyosahihishwa na udongo mwekundu, kijana mmoja wa Kimasai, na binti mmoja wa kidato cha tatu. Twaliandika kwa ajili ya walimu na wanafunzi, kwa kuwa wao ndio waliolibeba kosa letu kwa miaka mingi pasi na kujua.

Tulipokuwa na umri wa miaka kama thelathini, tukiwa watumishi wadogo wa serikali hapa Musoma, tuliombwa kutunga shairi la kusomwa katika sherehe za shule. Kila mshairi alipewa mahali pamoja katika nchi pa kupasifu. Mmoja alipewa Kilimanjaro, mwingine Bagamoyo, na sisi tukapewa Olduvai. Tulifurahi mno. Tulikuwa tumesoma shuleni kwamba huko ndiko yalikopatikana mabaki ya viumbe wa kale kabisa wa jamii ya binadamu, na kwamba dunia nzima yaitazama Tanzania kama kitovu cha asili yake. Usiku ule ule tuliketi nyumbani kwetu Nyakato, taa ya chemli mezani, upepo wa ziwa ukipiga madirishani, tukaandika. Beti zilikuwa nane. Ubeti wa kwanza ulikuwa huu:

Ewe bonde bonde letu, lenye mto wa thamani,
Kijani misitu yetu, imesimama pembeni,
Maji ni uhai wetu, yatiririka bondeni,
Alianza hapo mtu, kivulini na majini.

Shairi lilipelekwa mbele ya kamati ya watu saba. Walihesabu mizani, wakakagua vina, wakasahihisha neno moja katika ubeti wa tano, kisha wakalipitisha. Katika watu hao saba hapakuwa na hata mmoja aliyepata kufika Olduvai. Nasi pia hatukuwa tumefika. Mizani ilikuwa sawa, vina vilikuwa sawa, na habari zote zilikuwa za uongo.

Msomaji atauliza: uongo huo ulitoka wapi? Haukutoka katika nia mbaya. Sisi ni watu wa ziwa. Mtoto wa Musoma hufumbua macho akaona maji, akakua akisikia maji, na chakula chake hutoka majini. Tulipoambiwa kwamba kuna mahali ambapo mtu alianzia, akili yetu ilipachora mahali hapo kwa rangi za nyumbani: maji, majani na kivuli. Hatukuweza kufikiri kwamba uhai wa mwanadamu ungetafutwa mahali pa vumbi. Hivyo tuliisifu nchi moja kwa sura ya nchi nyingine, nasi tukapigiwa makofi.

Wala hatuwezi kujitetea kwa kusema kwamba ni mbali. Mabasi yaendayo Arusha kutoka Musoma hupita katikati ya Serengeti, yakaacha Seronera nyuma, yakapita kilima cha Naabi, kisha yakapanda kuelekea Ngorongoro. Njia ya kwenda Olduvai huchepuka kutoka barabara hiyo hiyo. Sisi tumeisafiri barabara hiyo mara nyingi kwa kazi za serikali. Tulipofika penye njia panda ile, ama tulikuwa tumelala, ama tulikuwa tumefunga kioo kwa kukimbia vumbi. Watu huvuka bahari, wakalipa fedha nyingi, wafike pale tulipokuwa tukipita tunakoroma.

Basi, mwaka 2023, mwalimu mmoja wa historia katika shule ya sekondari ya hapa mjini alikuja nyumbani jioni, akabisha hodi, akaketi. Baada ya salamu alisema, "Mzee, wanafunzi wangu wa kidato cha tatu wanakwenda Olduvai. Wamelikariri shairi lako tangu shule ya msingi. Tungependa uandamane nasi, walisome mbele yako, pale pale mahali penyewe." Tulikubali upesi, kama mtu akubalivyo heshima. Alipokwisha kuondoka, ndipo moyo ulipoanza kutuenda mbio. Hatukumwambia kwamba hatujafika. Tuliona haya, na haya ile tukaiita unyenyekevu.

Tuliondoka Musoma alfajiri, mwisho wa mwezi wa Septemba, kabla mvua za vuli hazijaanza. Tuliingia hifadhini kwa lango la Ikoma. Wanafunzi waliimba hadi Seronera, kisha jua likawanyamazisha. Baada ya Naabi miti ilipungua, kisha ikatoweka, na mbele yetu pakatandazwa uwanda mkavu usio na mwisho. Inasemekana kwamba jina la Serengeti lenyewe latokana na neno la Kimasai lenye maana ya uwanda mpana usiokoma, na kwa hakika jina hilo halikutiwa chumvi. Majani yalikuwa mafupi na ya rangi ya nyasi za kuezekea. Nyumbu walikuwa wamekwisha kuhama. Upande wa mashariki ilionekana milima ya Ngorongoro imevaa mawingu, lakini mawingu yale hayakutufikia. Baadaye tulielezwa kwamba milima hiyo ndiyo inayozuia mvua: pepo zitokazo bahari ya Hindi huacha maji yake upande wa pili, na upande huu hubakiwa na upepo mtupu. Nchi ile yapata mvua kidogo kuliko majirani zake, na katika miezi ya kiangazi hufanana na jangwa.

Penye njia panda pamejengwa mnara wenye mafuvu mawili makubwa ya saruji, uliowekwa mwaka 2019. Fuvu moja ni la yule aliyepewa jina la Zinji, na la pili ni la yule ambaye wataalamu humwita mtu stadi. Safari hii hatukulala. Gari lilichepuka, likatimua vumbi kwa kilomita chache, nasi tukafika penye makumbusho yaliyofunguliwa upya mwaka 2017, ukingoni kabisa mwa korongo.

Hapo ndipo tulipoona.

Chini yetu ardhi ilikuwa imepasuka. Haikuwa na mto unaotiririka, wala misitu, wala kivuli. Palikuwa na kuta za udongo na mawe zilizopangwa kwa rangi, kama mikeka iliyorundikwa mmoja juu ya mwingine. Chini kabisa palikuwa na mwamba mweusi. Juu ya mweusi palikuwa na kijivu na rangi ya maziwa yaliyochanganywa na majivu, mahali pengine pakikaribia ukijani. Juu yake ukawa wekundu mkali wa matofali yaliyochomwa, na juu ya wekundu, kijivu tena na hudhurungi. Katikati ya korongo ulisimama mlima mdogo mwekundu peke yake, kama ngome iliyoachwa na wenyewe. Mmea uliokuwa mwingi ulikuwa mkonge wa porini, wenye majani mazito yaliyochongoka kama mikuki, na vichaka vya miiba. Kando ya mkonge, ndege wadogo walitafuta kivuli wasikipate.

Mwalimu aliwapanga wanafunzi ukingoni. Kijana wa Kimasai aliyekuwa mwongozaji wetu alisimama kando, mikono nyuma. Binti mmoja alitoka mbele, akapiga goti kidogo kutuamkia, "Shikamoo babu." Tukaitikia. Akaanza kwa sauti nzuri: "Ewe bonde bonde letu, lenye mto wa thamani..." Akatazama chini. Akaendelea: "Kijani misitu yetu..." Akanyamaza. Aligeuka akatutazama, si kwa dharau, bali kwa mashaka ya kweli, kama mtoto aliyetumwa dukani akaambiwa duka halipo. Kisha akauliza, "Babu, misitu hiyo iko upande gani?"

Tungeweza kusema kwamba ushairi una ruhusa yake. Tungeweza kusema kwamba misitu ile ni mfano tu. Maneno hayo yalikuja hadi mdomoni. Lakini wanafunzi arobaini walikuwa wakitungoja, na nyuma yao walikuwapo wengine wengi wasiohesabika, waliolikariri shairi lile wakaenda nalo makwao. Tukasema, "Mwanangu, hatujui. Leo ndiyo mara yetu ya kwanza kufika hapa. Tuliandika bila kuona."

Palikuwa kimya. Mwalimu alitazama viatu vyake. Kisha yule mwongozaji akasema kwa upole ambao hatutausahau, "Mzee, shikamoo. Usihuzunike sana. Kwanza, hili si bonde, ni korongo. Lakini maji unayoyasema yalikuwapo. Yalikuwapo kabla ya watu wote. Tushuke nikuonyeshe."

Tulishuka. Na sasa tutamweleza msomaji yale tuliyoelezwa, kwa maana elimu ile ndiyo ubeti uliokosekana katika shairi letu.

Korongo lina kina cha mita 90 hivi, na ukijumlisha mkono wake wa pembeni urefu wake wakaribia kilomita 50. Mto ulioukata ardhi hiyo huwa na maji wakati wa mvua tu, ukitoka upande wa maziwa madogo ya Ndutu na Masek, ukaishia katika mbuga ya Olbalbal chini ya milima. Mto huo haukujenga kuta zile. Uliuchana tu ukurasa uliokuwa umefungwa. Zilizozijenga ni volkano. Milima ile ya Ngorongoro, Olmoti na mingineyo iliwaka katika zama za kale, ikamwaga lava na kurusha majivu. Majivu yalianguka tabaka kwa tabaka, yakafunika ziwa, matope, mifupa na mawe, yakagandamana. Kwa sababu majivu ya volkano yana madini yanayoweza kupimwa umri wake, kila tabaka limekuwa kama barua yenye tarehe.

Mwamba mweusi ulio chini ni lava iliyopoa. Tabaka la kwanza juu yake lina umri unaokaribia miaka milioni 2. Wakati huo palikuwa na ziwa mahali hapa. Ule udongo wenye ukijani ni tope la ziwa hilo. "Lakini, Mzee," akasema mwongozaji, "maji yake yalikuwa ya magadi, machungu. Walioishi hapa walikunywa kwenye chemchemi za pembeni." Tulitabasamu kwa uchungu. Hata pale ambapo shairi letu lilikaribia ukweli, lilikuwa limeweka maji matamu mahali pa maji machungu.

Tabaka la pili lasimulia jinsi ziwa lilivyopungua na nyika ikapanuka. Ardhi ilikuwa ikipasuka na kushuka, na maji yakahama. Tabaka la tatu ndilo lile jekundu, nalo lina umri wa miaka milioni 1 hivi. Ziwa lilikuwa limekwisha kutoweka, vijito vya msimu vikitandaza udongo wake uwandani, na chuma kilichomo katika udongo huo kikashika kutu kwa hewa na jua. Wekundu ule tulioudhania kuwa ni pambo ni kutu ya miaka isiyohesabika. Tabaka la nne likarudia kijivu na hudhurungi, na juu yake yakaja matabaka mengine membamba, hadi yale ya karibu na zama zetu. Mwanafunzi mmoja alisema kwamba ni kama daftari lililoandikwa kwa kalamu za rangi mbalimbali. Tulimwonea wivu. Kwa muda wa dakika ishirini alikuwa ameliona korongo vizuri kuliko tulivyoliona kwa miaka zaidi ya ishirini.

Tulifika mahali palipowekwa jiwe la kumbukumbu. Hapo, tarehe 17 Julai, 1959, Mary Leakey aliona mfupa na meno yakichomoza katika mteremko. Mumewe, Louis Leakey, alikuwa mgonjwa kambini siku hiyo. Walikuwa wamelichunguza korongo hilo tangu safari ya kwanza ya Louis mwaka 1931, karibu miaka 30, kabla ya kupata fuvu lile. Kabla yao walikwisha kufika Wajerumani: tabibu Wilhelm Kattwinkel mwaka 1911, aliyekuwa akichunguza ugonjwa wa malale, na Hans Reck mwaka 1913. Kiumbe yule aliitwa Zinji, kwa jina walilolitumia waandishi wa Kiarabu wa kale kwa pwani yetu, jina lililomo pia katika neno Zanzibar. Umri wake ulipopimwa kwa majivu yaliyomzunguka, ulipatikana kuwa miaka 1,750,000, nao ulimwengu wa elimu ukastaajabu. Mwaka uliofuata yakaanza kupatikana mabaki ya kiumbe mwingine, mwenye ubongo mkubwa zaidi, naye mwaka 1964 akapewa jina la mtu stadi, kwa kuwa yeye ndiye aliyefikiriwa kuwa fundi wa zana za mawe zilizotapakaa pale. Fuvu la Zinji lilikabidhiwa kwa Tanzania mwaka 1965, nalo limehifadhiwa Dar es Salaam.

Hapa mwalimu wa historia aliuliza swali ambalo sisi hatukulifikiria: "Je, wachimbaji walikuwa ni hao wazungu tu?" Mwongozaji akatikisa kichwa. Katika kazi ile walikuwamo Waafrika wengi wenye macho makali, waliotambaa juaoni siku kutwa wakitofautisha mfupa na jiwe. Heslon Mukiri alikuwa msimamizi wao kwa miaka mingi. Peter Nzube ndiye aliyeliona mwaka 1968 fuvu la mtu stadi lililokuwa limebanwa bapa ndani ya mwamba. Majina yao hayamo katika shairi letu. Majina ya wageni pia hayamo, lakini hayo yanajulikana. Haya ndiyo yaliyohitaji mshairi.

Tena tulijifunza jambo lililotugusa sisi watu wa lugha. Mahali pengi palipochimbwa pamepewa majina ya herufi, na herufi ya mwisho ni K. Wataalamu wa Marekani, Uingereza, Hispania na kwingineko huziandika herufi hizo katika vitabu vyao kila mwaka. K hiyo ni neno la Kiswahili: korongo. Neno tulilolidharau tukaandika bonde, kwa kuwa bonde lilitufaa katika mizani, ndilo lililoingia katika elimu ya ulimwengu. Sisi washairi wa Kiswahili tuliliacha nje.

Na jina lenyewe la mahali pale lina kosa linalofanana na letu. Wamasai huuita ule mkonge wa porini oldupai, na korongo likaitwa kwa mmea wake. Mgeni mmoja alilisikia vibaya, akaandika Olduvai. Wengine wakanakili, na dunia nzima ikafuata. Mwongozaji wetu alivunja jani moja, akatuonyesha maji yake na nyuzi zake. Alisema kwamba bibi yake alilitumia kufunga kidonda na kusokota kamba. "Jina la kwenye ramani," akasema, "liliandikwa na mtu asiyeuliza mara ya pili." Hakuwa akitusema sisi, lakini maneno yale yalitupata. Siku hizi jina la Oldupai limeanza kurejeshwa katika vibao na vitabu. Kosa la mtu mmoja limechukua zaidi ya miaka 100 kusahihishwa, na bado halijaisha.

Kabla ya kuondoka tulipelekwa kuuona mchanga unaohama. Ni kilima cha mchanga mweusi chenye umbo la mwezi mchanga, kimesimama peke yake katika uwanda uliokauka. Chembe zake ni majivu kutoka Ol Doinyo Lengai, ambao Wamasai huuita Mlima wa Mungu, nazo zina chuma kiasi cha kunaswa na sumaku. Upepo husukuma chembe za nyuma zikapanda na kuangukia mbele, na kwa hiyo kilima chote husogea mita 17 hivi kila mwaka bila kupoteza umbo lake. Vibao vimesimikwa kuonyesha mahali kilipokuwa mwaka fulani na mwaka fulani. Wanafunzi waliruka kutoka kibao hadi kibao wakitafuta miaka waliyozaliwa. Sisi tulisimama tukitazama nyuma, tukahesabu vibao kwa mawazo hadi usiku ule wa taa ya chemli. Mchanga ulikuwa umetembea mwendo mrefu wakati sisi tulikuwa tumekaa mahali pamoja na uongo wetu.

Tulirudi Nyakato tukiwa na vumbi hadi kwenye kope. Juma lile lile tulimwandikia mwalimu barua, tukamwomba awasomee wanafunzi, na ikiwezekana aipeleke katika shule nyingine zinazolikariri shairi lile. Hatukuomba lifutwe. Tuliomba lisomwe pamoja na ubeti mpya, ili watoto waone vyote viwili, kosa na sahihisho lake. Ubeti mpya ni huu:

Korongo lenye majivu, maji yako yatoweka,
Wekundu na ukijivu, tabaka kwa matabaka,
Tulinena kwa uvivu, pasi macho kukufika,
Leo tuna usikivu, tufundishe twaamka.

Si ubeti bora katika maisha yetu. Lakini ni wa kwanza kuhusu mahali pale ambao tungeweza kuusoma ukingoni mwa korongo bila mtoto kunyamaza katikati.

Baadhi ya rafiki zetu walitulaumu. Walisema kwamba mzee hasahihishwi mbele ya watoto, na kwamba heshima ya mshairi ni heshima ya utamaduni. Twaiheshimu hoja hiyo, lakini hatuikubali. Utamaduni wa taifa haujengwi kwa sifa peke yake. Sifa isiyo na ukweli ni kama ngoma iliyowambwa ngozi mbichi: siku ya kwanza yalia, jua likiwaka yapasuka. Mtoto aliyefundishwa kuipenda Olduvai ya kijani, akifika akakuta vumbi, aweza kudhani kwamba nchi yake imemdanganya. Lakini aliyefundishwa kwamba vumbi lile ndilo lililohifadhi kila kitu, na kwamba kama pangekuwa na msitu mzito na mto mkubwa huenda tusingeiona mifupa ile kamwe, huyo atalipenda vumbi lenyewe. Ukame tulioufunika kwa majani ya kubuni ndio uliolifunua korongo.

Lipo jambo la mwisho. Asubuhi baada ya kurudi tulitoka kutembea mjini Musoma, na kwa mara ya kwanza tukasimama mbele ya mawe yetu wenyewe. Kila mtu wa Mara ayajua: mawe makubwa ya kijivu yaliyobebana kando ya ziwa, na yale ya Butiama yanayozunguka Mwitongo, alipolazwa Mwalimu Nyerere. Tumeyakalia tukiwa watoto, tumeanikia dagaa juu yake, na kina mama huyaponda wakauza kokoto. Tulimwuliza mwalimu wa jiografia umri wake. Akasema kwamba mawe ya nchi hii ya ziwa ni katika miamba ya kale kabisa ya Afrika, yenye zaidi ya miaka bilioni 2. Mbele yake, tabaka la kwanza la Olduvai ni mtoto wa jana. Nasi tulikuwa tumeishi juu yake miaka zaidi ya hamsini, tukitunga mashairi juu ya mahali pa mbali tusipopaona, na mahali pa karibu tukapaona bila kuuliza.

Kwa hiyo, ndugu walimu, mkitupa kazi ya kuisifu nchi, tuulizeni kwanza kama tumeiona. Nanyi wanafunzi, mkikariri shairi lolote, letu au la mwingine, mkafika mahali penyewe mkakuta maneno hayalingani na ardhi, nyamazeni kama alivyonyamaza binti yule, kisha ulizeni kama alivyouliza. Yeye sasa yuko kidato cha juu, nasi hukutana naye njiani mara kwa mara. Huamkia kwa adabu ile ile, tukaitikia, na kila mara hutuuliza, "Babu, siku hizi unaandika nini?" Nasi, kabla ya kumjibu, hujiuliza kwanza kama tumefika.